Shilingi 720,720 za parachichi: je, hesabu imepikwa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 13 wa parachichi huku Kiwira, wilayani Rungwe. Katika mchumo wa mwisho kila mmoja alileta kreti mbili za kilo 21, na mnunuzi akatulipa shilingi 1,320 kwa kilo. Jumla shilingi 720,720 zikaingia kwenye simu ya kikundi. Tulipogawa kwa 13 kwenye daftari, fungu la kila mtu likawa 55,440 kamili. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, akachukua kalkuleta akagawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, mpaka 16. Zote zimetoka kamili, hakuna cha nukta. Imegoma kwenye 17 tu. Sasa baadhi ya wanachama wanasema hesabu ya namna hiyo haitokei yenyewe, mweka hazina kaipika. Je, wana haki ya kumshuku? Na hii namba ina nini?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Na kwa Kinyakyusa, ugonile. Nianze na mweka hazina, maana nadhani yeye ndiye anayelala vibaya siku hizi: katika hiyo namba hakuna kilichopikwa. Ningekuwa kwenye kikao chenu ningesimama nikasema hivyo mbele ya wote, kisha ningeomba kipande cha chaki.

Chukueni bei. 1,320 ukiivunjavunja mpaka isivunjike tena unapata 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 11. Kilo 42 za kila mama ni 2 × 3 × 7. Ninyi wenyewe ni 13, na 13 haivunjiki kabisa. Hizi zisizovunjika, yaani 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ndizo tulizoziita shuleni namba tasa. Sasa zitieni zote chungu kimoja. Mtakuta 2 ziko nne, 3 ziko mbili, halafu 5, 7, 11 na 13 kila moja mara moja. 2 nne zikizidishwa ni 16, 3 mbili ni 9, na 16 × 9 × 5 × 7 × 11 × 13 ni 720,720 bila kupungua wala kuzidi. Kila kiungo kina mwenyewe. 13 mmeileta ninyi kwa idadi yenu, 7 imetoka kwenye kreti za kilo 21, na 11 imeletwa na mnunuzi ndani ya bei yake, pengine bila kujua mpaka leo.

Kwa hiyo kugawanyika kwa 13 hakukupaswa kumshtua mtu. Watu 13 wakileta mzigo sawa na kulipwa bei moja, fedha zitagawanyika kwa 13 hata bei iwe ya ajabu kiasi gani. Ingekuwa 1,317 kwa kilo, kila mtu angeondoka na 55,314, tena kamili.

Jambo la kushangaza ni hilo la 2 mpaka 16, na hapo wenzako sikuwacheka. Ukiokota jumla yoyote kwa kufumba macho, nafasi ya kugawanyika kwa namba zote kuanzia 1 hadi 16 ni moja katika 720,720. Ukianza 1 na kupanda hadi kufika milioni moja na laki nne, utakutana na namba moja tu yenye tabia hiyo, nayo ni hii yenu. Inayofuata ni 1,441,440, mara mbili yake. Kwa lugha ya darasani, 720,720 ndiyo kigawe kidogo cha shirika, ile KDS, ya namba zote kuanzia 1 hadi 16, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja yao. Mwenye kusikia "moja katika laki saba" lazima apate wasiwasi.

Lakini kosa liko kwenye neno "kuokota". Fedha za mazao haziokotwi, huzaliwa kwa kuzidisha: kilo kwa bei, kreti kwa watu. Na kuzidisha ni kama kukusanya kuni njiani, kila unapopita unaongeza kwenye mzigo, hakuna kinachodondoka. Namba iliyotokana na kuzidisha mara tatu au nne huwa na vigawo vingi, yaani namba zinazoigawa bila baki, kuliko namba iliyotajwa tu na mtu. Bahati ipo, sikatai, ila ni bahati ya kilo moja moja. Kila mama angeleta kilo 41 badala ya 42, jumla ingekuwa 703,560. Hapo 7 imekwenda zake, maana 41 ni tasa na haina ya kutoa. 3 moja imepotea pia, kwa hiyo namba haigawanyiki kwa 9. 2 moja nayo imepotea, kwa hiyo 16 inagoma. Mwalimu mstaafu angebonyeza kalkuleta, akaona nukta kwenye 7, akarudi kwake kunywa chai.

Nitie neno hapa kwa sababu ya amani ya kikundi. Uzuri wa namba hauthibitishi kwamba mzani ulikuwa wa haki, wala hauthibitishi kinyume chake. Kama mnataka kukagua, kagueni uzito wa kreti na karatasi ya mnunuzi, kisha zidisheni wenyewe 546 kwa 1,320. Na mpishi wa hesabu mwenye akili timamu angeandika 720,000 au 700,000. Sijaona mtu anayeiba akaacha zile ishirini za mwisho zikining'inia.

Turudi kwa mwalimu jirani. Alijichosha kubonyeza mara kumi na tano wakati sita zinatosha: 16, 9, 5, 7, 11 na 13. Namba ikikubali 16, imeshakubali 2, 4 na 8. Ikikubali 9, imekubali 3. Iliyokubali 16 na 9 itakubali 6 na 12, iliyokubali 16 na 5 itakubali 10, na 14 na 15 zinajileta zenyewe kwa njia hiyo hiyo. Ila kuna mtego ambao wanafunzi wangu huuingia kila mwaka: huwezi kuunganisha zinazochangia damu. 12 inagawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 6, lakini haigawanyiki kwa 24, kwa sababu 4 na 6 zinadai 2 ile ile moja mara mbili. 16, 9, 5, 7, 11 na 13 hazichangii chochote, ndiyo maana zinaweza kusimama pamoja bila kugombana.

Na hata hizo sita si lazima kalkuleta. Tazama sura ya namba yenyewe: 720, halafu tena 720. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1,001 bila kujua. 358358 ni 358 × 1,001. 904904 ni 904 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo 7, 11 na 13, hizo ambazo huwezi kuzipima kwa kujumlisha tarakimu tu kama 9, zote tatu zimeingia kwa mlango mmoja. Jaribu na watoto nyumbani: waambie waandike tarakimu tatu wanazozitaka, wazirudie, wagawe kwa 7, jibu wagawe kwa 11, jibu wagawe kwa 13. Watarudi kwenye zile tatu za mwanzo na watadhani una dawa.

Zilizobaki zimo ndani ya 720 yenyewe, ambayo ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6. Ni 16 × 9 × 5, basi.

Sasa niseme linalonikera kidogo. Watu huita milioni moja namba kamili, namba ya mviringo, namba ya kuahidi kwenye harusi. Ni ya mviringo machoni tu. Ivunje: 2 sita na 5 sita, hakuna kingine. Watu watatu wakiachiwa urithi wa milioni moja, kila mmoja anapata 333,333 na shilingi moja inabaki mezani kuwatazama. Watu saba, haitoki. Watu sita, haitoki. Milioni ina vigawo 49. Shilingi zenu 720,720, ambazo ni ndogo kuliko milioni na zinaonekana kama namba ya simu iliyokatika, zina vigawo 240.

Hizo 240 sikuzihesabu kwa vidole. Kigawo chochote cha namba hii kimetengenezwa kwa viungo vya kile chungu. Kwenye 2 una uchaguzi wa namna tano: usichukue, au uchukue moja, mbili, tatu, au zote nne. Kwenye 3 una namna tatu. Kwenye 5, 7, 11 na 13 una namna mbili kila moja, kuchukua au kuacha. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hakuna namba nzima iliyo chini ya 720,720 inayofikisha 240. Aliyekaribia kuliko wote ni 665,280, mwenye 2 sita, 3 tatu, na 5, 7 na 11 moja moja. Huyo anapata 7 × 4 × 2 × 2 × 2, yaani 224, na anakosa 13. Namba ya namna hii, inayozishinda zote zilizo nyuma yake kwa wingi wa vigawo, si ya kila siku.

Na uzuri wake mkubwa kwangu ni ngazi iliyopandia. Anza na 720, ina vigawo 30. Zidisha kwa 7, unapata 5,040 yenye vigawo 60. Zidisha kwa 11, unapata 55,440 yenye vigawo 120. Zidisha kwa 13, umefika kwenu, 240. Kila kidato unaongeza tasa mpya na vigawo vinakuwa mara mbili, na kila moja kati ya namba hizo nne inazishinda zote zilizo chini yake. Umeiona 55,440? Hiyo ndiyo fedha ya kila mama. Fungu lenu moja moja ni namba ya ukoo ule ule.

5,040 ina historia ndefu kuliko kikundi chochote. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipokuwa akiuchora mji anaouona unafaa, alitaka uwe na kaya 5,040. Hakutaka namba nyingine, kwa sababu hiyo inagawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 10, na mwenye kugawa ardhi, kodi au zamu za ulinzi hatahangaika. Alitaja kwamba ina vigawo 59, akiiacha namba yenyewe bila kuihesabu. Aliona pia kwamba inagoma kwa 11 na akapendekeza dawa: toa kaya mbili. Kweli, 5,038 ni 11 × 458. Mimi nikisoma hapo huwa nacheka, maana ni akili ile ile ya mweka hazina wa kikoba: hesabu ikigoma, watu wawili wasubiri mzunguko ujao.

Aliyezichunguza namba hizi kwa kina alikuwa naye mtu wa daftari la mahesabu. Srinivasa Ramanujan alikuwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras nchini India kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1914. Mwaka uliofuata, 1915, alichapisha kazi ndefu juu ya namba zenye vigawo vingi kuliko zote zilizozitangulia, akaziorodhesha kwa mkono mpaka 6,746,328,388,800. Hakukuwa na kalkuleta. Katika orodha yote hiyo alirukwa na moja, 293,318,625,600. Nimekaa nikaivunja hiyo iliyomponyoka: 2 sita, 3 nne, 5 mbili, 7 mbili, na 11, 13, 17, 19 moja moja. Vigawo vyake ni 7 × 5 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Fanya hesabu mwenyewe uone: ni 5,040. Kaya za Plato.

Sasa hiyo 17. Imegoma kwa sababu nyepesi kuliko zote: ni tasa, na hakuna aliyeileta. Haikuwa kwenye bei, wala kwenye kilo, wala kwenye idadi yenu. Mngekuwa 17 kila mtu angepata 42,395 na shilingi 5 zingebaki. Lakini mwambie mwalimu jirani alikata tamaa mapema, maana 18 inakubali (40,040 kila mtu), 20 inakubali, 21, 22. Kwa watu 24 kila mmoja angepata 30,030, ambayo ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, namba tasa sita za kwanza zikishikana mikono mara moja moja. Kwa 26 ni 27,720, ambayo nayo ni KDS ya 1 hadi 12. Zinazogoma chini ya 30 ni 17, 19, 23 na 29, kwa kuwa ni tasa wageni, halafu 25 na 27, ambazo si wageni ila zimedai zaidi ya kilichopo: 25 inataka 5 mbili na mnayo moja, 27 inataka 3 tatu na mnazo mbili.

Mkitaka 17 nayo ikubali, zidisheni kwa 17, mpate 12,252,240. Hiyo inagawanyika kwa 1 hadi 17, na 18 inaingia bure. Mtu angetegemea ngazi yetu iendelee, vigawo 480, na namba hiyo iwe bingwa kama nne za kwanza. Vigawo 480 ni kweli. Ubingwa hapana. Kuna 10,810,800, ndogo zaidi, ambayo ni 720,720 × 15, nayo ina 480 vilevile: 5 × 4 × 3 × 2 × 2 × 2. Kwa gharama ya kuzidisha mara 15, umeongeza 3 moja na 5 moja, na imelipa sawasawa na 17 iliyodai kuzidishwa mara 17. Hapo ndipo tasa mpya inapoanza kuwa ghali na inafaa kurudi dukani kuongeza zile ndogo ulizonazo. Ndiyo biashara yote iliyomshughulisha Ramanujan, kupima lini uongeze kiungo kipya na lini urudie cha zamani.

Ukijumlisha vigawo vyote vya 720,720 ukaiacha yenyewe, unapata 2,529,072, zaidi ya mara tatu na nusu yake. Hilo si la ajabu kwa namba ya aina hii, napita.

Hili lingine ni pambo, ila limenifurahisha mpaka nikaamka kumwonyesha mke wangu, ambaye hakufurahi. Kompyuta na simu huandika namba kwa 0 na 1 tu. 720,720 kwa mwandiko huo ni 10101111111101010000. Zile sufuri nne za mwisho ni 2 nne tulizoziona kwenye chungu. Ziondoe, yaani gawa kwa 16, unabaki na 45,045, ambayo ni 1010111111110101. Isome kutoka kushoto, kisha kutoka kulia: ni ile ile. Katika kuhesabu kwetu kwa makumi, namba inayosomeka hivyo pande zote ikiwa na tarakimu za idadi shufwa, kama 2772, lazima igawanyike kwa 11. Katika mwandiko wa 0 na 1 sheria hiyo inageuka kuwa ya 3, na 45,045 inatii.

Mwisho nije kwenye jambo ambalo hukuuliza na nahisi litawasumbua siku ya kugawana. Kwenye karatasi 55,440 ni kamili. Mkononi siyo. Sarafu ya shilingi 10 siku hizi huioni sokoni Kiwira wala Mwanjelwa mjini Mbeya, na 55,440 haigawanyiki kwa 50, kwa sababu iliyo kwenye chungu kile kile: 5 ni moja tu. Ili namba igawanyike kwa 50 inahitaji 5 mbili. Mnunuzi angewalipa taslimu, zile 20 za mwisho zingemshinda hata yeye. Kwa hiyo kama mtagawana kwa simu, tumeni 55,440 kila mtu na makato mkubaliane mapema nani anayabeba. Kama mtatoa fedha taslimu, mpeni kila mama 55,400, na 520 zibaki kwenye simu ya kikundi, ziandikwe kwenye daftari kwa jina la wote 13, 40 kila mmoja, mpaka mchumo ujao.